Andikeni "Wanawake" Mlangoni

Ipo rai iliyokwisha kuwa desturi katika semina na warsha za watu wa maendeleo, kiasi kwamba anayeipinga huonekana amelala usingizi wa miaka thelathini. Rai hiyo inasema kuliita shirika la kimataifa kwa jina la wanawake ni ushamba wa enzi zilizopita. Siku hizi, tunaambiwa, watu waungwana husema "jinsia", husema "usawa", husema "ujumuishi", ili wanaume nao wajione wamo na asibaki mtu nje. Anayeisema huwa mpole, mara nyingi nia yake ni njema kabisa, na ukumbi mzima hutikisa vichwa kumkubalia. Mimi nasema rai hiyo ni mbovu, na inawagharimu wanawake kitu ambacho hawawezi kurudishiwa kwa hotuba.

Nalisema sasa kwa sababu jambo lenyewe limerudi mezani. Septemba 2025, katika mpango wa mageuzi uitwao UN80, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alipendekeza iangaliwe namna ya kuunganisha UN Women, chombo chake cha wanawake, na UNFPA, yaani Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu. Sababu inayotajwa sana ni ukata na kazi zinazofanana. Muungano huo ukifanyika, kitazaliwa chombo kipya, na kila chombo kipya hutafutiwa jina. Majina hupatikana usiku wa manane, wajumbe wakiwa wamechoka, baada ya mambo yanayoitwa mazito kwisha kuamuliwa. Afadhali tugombane mapema.

Tulikwisha kuyapitia haya. Hadi mwaka 2010 kazi ya wanawake ndani ya Umoja wa Mataifa ilitawanywa katika ofisi nne zisizo na nguvu. Palikuwa na idara ya kuandaa vikao na ripoti ndani ya Sekretarieti, ofisi ya mshauri maalumu wa Katibu Mkuu kuhusu masuala ya jinsia, taasisi ya utafiti na mafunzo iliyokuwa Santo Domingo, na UNIFEM, mfuko wa maendeleo ya wanawake uliozaliwa baada ya mkutano wa wanawake wa Mexico wa 1975. UNIFEM ililelewa tangu uchanga na Margaret Snyder, Mmarekani aliyefanya kazi Addis Ababa na kupata shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilifanya mengi kwa fedha kidogo. Lakini mkuu wake alikuwa na cheo cha mkurugenzi tu, kwa hiyo wakuu wa mashirika walipokaa mezani, mwakilishi wa wanawake hakuwa na kiti chake mwenyewe.

Mwaka 2006 jopo la ngazi ya juu, ambalo mmoja wa wenyeviti wake alikuwa Luísa Diogo, Waziri Mkuu wa Msumbiji, lilisema ofisi hizo ziunganishwe ziwe kitu kimoja chenye meno. Mamia ya asasi za wanawake duniani zilishikilia neno hilo na kuanzisha kampeni. Hapa kwetu Tanzania tunapenda kusahau kwamba aliyebebeshwa mzigo wa kuwapelekea wanachama njia za kuchagua, mwaka 2008, alikuwa Naibu Katibu Mkuu Asha-Rose Migiro. Waraka wake uliweka mbele ya mataifa chaguo kadhaa: kubaki na hali ilivyo, kuunda mfuko unaojitegemea, kuunda idara, au kuunda kitu mchanganyiko, cha kutunga kanuni na cha kufanya kazi nchini pia. Wakachagua mchanganyiko. Tarehe 2 Julai 2010 Baraza Kuu likapitisha azimio namba 64/289 bila kura ya kupinga, na 1 Januari 2011 chombo kikaanza kazi, mkuu wake Michelle Bachelet, aliyekuwa ametoka tu kuwa Rais wa Chile, safari hii akiwa na cheo cha Under-Secretary-General, yaani msaidizi wa ngazi ya juu wa Katibu Mkuu.

Sasa litazameni jina rasmi lililotoka katika azimio lile. Ni Chombo cha Umoja wa Mataifa cha Usawa wa Kijinsia na Uwezeshaji wa Wanawake. Linaanza na chombo, yaani kitu ambacho hakijulikani ni mfuko, ni shirika au ni programu. Linaendelea na usawa. Mwanamke anatokea mwisho kabisa wa msafara, baada ya watu wote kupita. Kwa bahati njema, azimio hilohilo liliweka na jina fupi, UN Women, na jina fupi ndilo lililoandikwa kwenye vibao vya ofisi, kwenye magari na kwenye barua. Watu wa kawaida hawalijui lile refu. Nami nadai kwamba jina fupi ndilo lililookoa kazi, na kama lile refu lingeachwa peke yake, leo tusingekuwa hata na cha kubishania.

Mwenye rai ile atasema hayo ni maneno matupu, jina halijengi zahanati. Basi tuache New York, twende Nairobi, mahali ambapo swali hili limepimwa kwa sheria na kwa kura.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka kanuni mbili upande kwa upande. Kanuni ya kwanza, katika Ibara ya 27(8) na 81(b), inasema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Ni kanuni nzuri, imeandikwa kwa lugha ileile inayopendwa katika semina: haimtaji mwanamke, haimtaji mwanamume, inafaa kwa wote. Kanuni ya pili, katika Ibara ya 97, inasema Bunge la Taifa litakuwa na wanawake arobaini na saba, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake. Hii imewataja wanawake waziwazi.

Nini kikatokea? Viti 47 vilijazwa uchaguzi wa kwanza kabisa, Machi 2013, na vimejazwa kila uchaguzi tangu hapo. Hakuna aliyekwenda mahakamani kuuliza vijazwe lini. Ile kanuni ya theluthi mbili ilipelekwa Mahakama ya Juu kabla hata ya uchaguzi huo, na Desemba 2012 mahakama ikasema itatekelezwa hatua kwa hatua, muda ukiwa hadi Agosti 2015. Agosti 2015 ikapita. Miswada ikaletwa bungeni ikaanguka, mara nyingine kwa sababu wabunge hawakutosha ukumbini kupiga kura, ajabu iliyoje, siku ile tu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Katika majimbo 290 ya kawaida, wanawake walioshinda walikuwa 16 mwaka 2013 na 23 mwaka 2017.

Wakenya walewale, katiba ileile, siku moja ya kupiga kura. Kanuni iliyomtaja mwanamke ilitekelezwa papo hapo, na ile iliyosema jinsia imezungushwa mwaka baada ya mwaka.

Msomaji anayeijua katiba hiyo atanikumbusha Ibara ya 177, ambapo mabunge ya kaunti huongezewa viti maalumu hadi theluthi itimie, nayo imefanya kazi bila kutamka neno wanawake. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Lakini isomeni vizuri: ibara ile imetaja viti, na imeeleza vitajazwaje baada ya matokeo kutangazwa. Imeacha mwanya mdogo sana wa ujanja. Kwa hiyo nakubali kwamba jina peke yake halitoshi. Anayedai lazima ajulikane, au kinachodaiwa kijulikane, na ni bora zaidi vijulikane vyote viwili. Kanuni ya jumla isiyo na kimojawapo huwa kama deni lisilo na jina la mkopeshaji kwenye daftari. Kila mtu anajua lipo, hakuna anayelipa.

Tanzania nasi tuna mfano wetu, hauna mahakama lakini una vibao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa na wizara iliyobeba jina la maendeleo ya jamii, wanawake na watoto. Sera ya 1992 nayo ilikuwa ya wanawake katika maendeleo. Baadaye upepo wa dunia ukageuka, neno jinsia likaingia, na wanawake wakaondoka kwenye kibao. Ikawa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Kisha wizara ikaunganishwa na afya, na hadi mwishoni mwa 2021 kibao kikasomeka Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Hebu fikirini. Wazee walitajwa, na ni haki yao. Watoto walitajwa, na ni haki yao. Wanawake, ambao ndio wanaowalea wazee na watoto hao wote, walikuwa wamejificha ndani ya neno jinsia, na jinsia yenyewe ilikuwa imebanwa ndani ya wizara ya madaktari na dawa. Januari 2022 wizara iligawanywa, na ile mpya ikaitwa ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Neno lilirudi pamoja na waziri wake, fungu lake la bajeti na siku yake ya kuhojiwa bungeni. Sidai kwamba kibao kimemaliza ndoa za utotoni. Nadai kwamba sasa mbunge anayetaka kuuliza juu ya wanawake anajua wa kumuuliza ni nani.

Jambo lingine linalonishangaza ni kwamba aibu hii inawapata wanawake peke yao. UNICEF iliundwa Desemba 1946 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakifa njaa baada ya vita. Mwaka 1953 jina lake lilifupishwa, maneno ya dharura na kimataifa yakaondolewa, lakini neno watoto halikuguswa. Hakuna warsha niliyopata kuisikia ambamo mtu amesimama kulalamika kwamba jina hilo linawabagua wazazi, au kupendekeza liitwe shirika la umri ili watu wazima wajione wamo. Kila mtu anaelewa kwamba kumsaidia mtoto kunampitia mama yake, baba yake, mwalimu wake na kisima cha kijiji, na bado jina linabaki la mtoto kwa sababu ndiye anayekosewa. Wala jina hilo halikuwafukuza wafadhili: mwaka 2010, UN Women ilipoundwa, UNICEF ilikuwa inapata zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Shirika la wakimbizi nalo haliombwi lijiite shirika la uhamiaji ili wenye pasipoti wasijisikie vibaya.

Kuhusu wanaume kutengwa, nitasema kwa kifupi kwa sababu hoja hiyo haistahili zaidi. Kampeni mashuhuri ya kuwaalika wanaume katika suala hili, HeForShe, ilizinduliwa Septemba 2014 na UN Women yenyewe. Aliyetaka kuingia aliingia, na jina halikumzuia mlangoni.

Ipo hoja nzito zaidi, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema neno jinsia halikuja kwa ajili ya kuwabembeleza wanaume. Lilikuja kwa sababu kumtazama mwanamke peke yake kuliwafanya wapangaji wamwone kama mtu mwenye upungufu, apewe cherehani na mafunzo ya ufugaji kuku, huku sheria ya mirathi na ugawaji wa kazi za nyumbani vikiachwa vilivyo. Jinsia inakulazimisha utazame uhusiano, utazame nani ana nguvu juu ya nani. Hata hapa Dar es Salaam, wanawake walioanzisha TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, mwaka 1993 walilichagua neno hilo kwa macho yaliyo wazi, na kupitia vikao vyao pale Mabibo wamewafundisha wengi wetu kusoma bajeti ya serikali kwa jicho lingine.

Nakubali yote hayo, ila hitimisho lake linanipita. Jinsia ni chombo cha kuchambulia, na kizuri. Daktari hutumia kipimo cha damu bila kuiita hospitali yake hospitali ya hadubini. Asasi inayochambua na kufundisha inaweza kujiita kwa njia yake ya kuchambua. Taasisi ya kimataifa, yenye bajeti, yenye mkuu anayeingia kwenye chumba cha marais, inapaswa kuitwa kwa jina la mwenye madai. Tena neno hilo lililodhaniwa ni la amani limekuwa uwanja wa vita. Mwaka 1995, katika maandalizi ya mkutano wa wanawake wa Beijing uliosimamiwa na Gertrude Mongella wetu wa Ukerewe, neno jinsia lilibishaniwa hadi kikaundwa kikundi maalumu cha kulishughulikia, na ripoti ya mkutano ikabidi ibebe kiambatisho cha kusema litaeleweka kama lilivyozoeleka. Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kuliondoa katika nyaraka za serikali yake. Waliojificha chini ya neno hilo wakidhani ni mwavuli wamejikuta wakitumia vikao vizima kulitetea, na saa hizo zote mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji zake anasubiri nje. Nani angethubutu kusimama Baraza Kuu na kudai kwamba neno wanawake lifutwe?

Hoja ya mwisho ndiyo kongwe, na ina hadhi yake. Ni kwamba jina la peke yao litawatenga wanawake pembeni, wapewe kikona chao halafu meza kuu iendelee bila wao. Huko San Francisco mwaka 1945, Virginia Gildersleeve, mwanamke pekee katika ujumbe wa Marekani, aliona hivyo. Bertha Lutz wa Brazil hakuona hivyo. Yeye alidai tume ya wanawake iundwe. Umoja wa Mataifa ulipoanza kazi mwaka 1946, wanawake walipewa kamati ndogo chini ya Tume ya Haki za Binadamu, na mwenyekiti wake, Bodil Begtrup wa Denmark, akakataa kukaa chini ya mtu. Juni mwaka huohuo ikawa tume kamili, Tume ya Hali ya Wanawake, na ni tume hiyo iliyoandaa mkataba wa 1979 wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Tazameni mkataba huo unavyoitwa. Haukuitwa wa kukomesha ubaguzi wa kijinsia, ingawa jina hilo lingewafurahisha wengi.

Hapo hutajiwa Hansa Mehta wa India, ambaye mwaka 1948 alihakikisha kifungu cha kwanza cha Tamko la Haki za Binadamu kinasema binadamu wote na siyo wanaume wote. Wanasema, mnaona, mwanamke shujaa alipigania neno la jumla. Naam, na alipatia. Tamko lile linahesabu haki za kila mtu, na ndani yake neno la jumla ndilo la kweli. Shirika linaundwa kwa ajili ya aliyenyimwa haki hizo, kwa hiyo lazima limtaje. Bara letu limejifunza tofauti hiyo kwa njia ngumu: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 ulimweka mwanamke ndani ya ibara ya familia, Ibara ya 18, karibu na wazee na walemavu, na ikabidi mwaka 2003 Maputo iandikwe itifaki nzima yenye jina lake ndipo haki za wajane na za urithi zipate ibara zao.

Kilichoifanya UNIFEM ikae pembeni hakikuwa neno wanawake katika jina lake. Kilikuwa cheo cha mkuu wake na udogo wa mfuko. Na kwa habari ya mfuko, wapinzani wana hoja ya kweli ambayo ningeisema zaidi kama ningekuwa upande wao: wakati wa kuundwa kwa UN Women ilitajwa angalau dola milioni 500 kwa mwaka, wanakampeni walitaka bilioni moja, na hadi katikati ya mwongo ule mapato hayakuwa yamefika hata kwenye zile milioni 500. Sehemu kubwa inatokana na michango ya hiari, yaani mfadhili akinuna, fungu linakauka. Jina halikutibu hilo. Lakini jina ndilo lililofanya upungufu uonekane. Kila mwaka mtu yeyote ameweza kuuliza dunia inatoa kiasi gani kwa wanawake na kuonyeshwa tarakimu. Kabla ya 2010 ungeulizia wapi, na ungejumlisha vitabu vingapi vya hesabu?

Ndiyo maana muungano huu na UNFPA unanitia hofu kuliko ule wa 2010. UNFPA ilianza 1969 kwa jina la shughuli za idadi ya watu, na tangu 1987 ni mfuko wa idadi ya watu. Mwaka 1994 huko Cairo serikali 179 zilikubaliana kwamba suala si kuhesabu vichwa, ni haki na afya ya mwanamke mwenyewe. Kazi ikabadilika. Tangu 2003 mfuko huo unaongoza kampeni ya kutokomeza fistula, ugonjwa wa aibu na mateso unaompata mama aliyecheleweshwa kujifungua. Wakunga wamesomeshwa, dawa za uzazi wa mpango zimefikishwa visiwani na vijijini. Jina halikubadilika. Shirika ambalo kazi yake karibu yote ni mwili na maisha ya mwanamke bado linaitwa kwa jina la sensa, na wapinzani wake hawajaacha kulitumia jina hilo kudai kwamba shabaha ni kupunguza watu. Ukizichanganya taasisi hizi mbili na kulitafutia zao lao jina la kuwapendeza wote, utapata usawa, utapata idadi ya watu, utapata na maendeleo endelevu. Mama wa fistula hatakuwemo katika jina lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo wajumbe wetu, wa Dodoma na wa Nairobi, wakipelekewa rasimu, waanze kusoma kutoka kwenye kichwa cha habari. Wadai neno wanawake liwe la kwanza katika jina rasmi, lile refu, na lisiachiwe jina la mkato pekee. Wadai mkuu wake asishushwe cheo kwa kisingizio cha kubana matumizi. Wadai sehemu kubwa zaidi itoke kwenye michango ya lazima ya wanachama, hata kama nchi zetu zitalazimika kuongeza shilingi zetu kidogo. Na wakiambiwa neno hilo litawaudhi baadhi ya wanachama, waombe wanachama hao watajwe, waandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili wanawake wa nchi hizo wajue.